Magonjwa Yana Tarehe, Dawa Hazina: Itetemia na Historia ya Mimea Inayotibu Mimea

Mwaka 1861 Kapteni James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipita Kazeh, yaani Tabora ya leo, kisha akabaki miezi kadhaa kaskazini mwa Unyanyembe akingoja wapagazi wapatikane. Wakati huo wa kungoja hakuupoteza. Alichuma mimea, akaikausha, akaiandikia mahali na tarehe, na kwa mingi kati yake akaongeza maneno machache juu ya wenyeji wanavyoitumia. Mimea hiyo ilipelekwa kwenye hifadhi ya Kew, Uingereza, na maelezo yake yakachapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London kati ya 1872 na 1875. Mwanafunzi wa leo wa botania anaweza kujua ni jani gani lilichumwa katika nchi ya Wanyamwezi miaka zaidi ya mia moja na sitini iliyopita.

Naanza na Grant kwa sababu tumezoea kusema kwamba maarifa ya Mwafrika yalipotea kwa kukosa mwandishi. Waandishi walikuwapo, na kwa upande wa Tabora walikuwapo mapema mno. Jambo la kuulizwa ni waliandika nini na waliacha nini. Nataka tulitazame hilo kupitia suala ambalo siku hizi linazungumzwa sana katika semina za kilimo, tena mara nyingi bila historia yoyote: matumizi ya maji ya mimea kudhibiti magonjwa ya mazao.

Itetemia ni kata ya Manispaa ya Tabora, nje kidogo ya mji. Msafiri asiyeijua anaweza kuipita kama vile anavyopita kijiji kingine chochote chenye miembe na mashamba ya mahindi. Lakini hapo ndipo penye ikulu ya watemi wa Unyanyembe. (Neno hilo lenyewe, ikulu, ni la huku kwetu magharibi, nalo Jamhuri imelichukua ikaiitia nyumba ya Rais.) Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, alimkuta Mtemi Fundikira akitawala na akaliandika jina la makao yake Ititenya. Vitabu vyetu vya shule husimulia njia ya misafara kwa pembe za ndovu, watumwa na bunduki, na hawakosei. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa pia barabara ya mbegu. Waarabu na Waswahili waliopiga kambi Tabora na Kwihara walipanda mpunga, ngano, vitunguu, miembe, michungwa, milimau na mikomamanga. Muhogo na mahindi vilishafika na vilikuwa vikienea. Mnyamwezi aliyebeba mzigo hadi Bagamoyo alirudi na zaidi ya kitambaa.

Mbegu haisafiri peke yake. Inasafiri na ukungu ulioganda juu ya ganda lake, na wadudu waliojificha ndani ya punje. Kipande cha shina la muhogo hubeba virusi ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kila zao jipya lililopokewa kando ya njia ya misafara lilikuwa jaribio jipya juu ya mkulima, na jaribio hilo alilikabili kwa vitu vilivyomzunguka: majivu, moshi, mkojo wa ng'ombe, mizizi na majani.

Katika mila za Unyamwezi na Usukuma, mtemi hakuwa mtawala wa watu peke yao. Alibeba dhamana ya mvua, ya mbegu na ya mavuno. Msimu ulipokaribia, mbegu zilihusishwa na dawa na matambiko kabla ya kwenda shambani, na mfumu, yaani mganga, alikuwa na nafasi yake katika kazi hiyo. Hans Cory, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mila, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya matambiko ya mtemi wa Usukuma. Wanaanthropolojia wakapata walichokitaka: alama, mamlaka, imani. Sikumbuki mtu kuulizwa swali la kijinga kidogo ambalo mtaalamu wa magonjwa ya mimea angeuliza papo hapo: dawa hiyo ilikuwa na nini ndani yake?

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Chukueni mtama, chakula kikuu cha nchi hii kabla ya mahindi. Mtama una ugonjwa wa ukungu unaogeuza punje kuwa vifuko vya unga mweusi, na vimelea vyake hukaa juu ya ngozi ya mbegu vikisubiri mvua. Ugonjwa wa aina hiyo hautibiki shambani. Ukiuona kwenye masuke umekwisha chelewa. Mahali pa kuushika ni kwenye mbegu kabla ya kupanda, na Ethiopia watafiti wamejaribu kutibu mbegu za mtama dhidi yake kwa mimea na kwa mkojo wa ng'ombe. Sidai kwamba dawa ya mtemi ilikuwa kiuaukungu. Ninachosema ni kwamba wakati uliochaguliwa na mila, yaani mbegu ikiwa bado mkononi, ndio wakati hasa ambao sayansi ingeuchagua, na kwamba jambo hilo lilistahili kupimwa na halikupimwa.

Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivamia ngome ya Mtemi Isike. Isike aliilipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Shujaa huyo tunamkumbuka kwa kifo chake, na ni haki yake. Lakini utawala ulioporomoka siku ile ulikuwa pia mfumo wa kusimamia mashamba, na waliokuja baada yake hawakuwa na haja ya kuuelewa. Waingereza nao walipowarudishia watemi sehemu ya madaraka, waliwarudishia kazi ya kukusanya kodi na kuamua mashauri madogo. Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo mpaka leo imo katika vitabu vyetu vya sheria, ilikuwa na shabaha nyingine, lakini kivuli chake kilitanda juu ya kila aliyeonekana na mzizi na kibuyu. Mzee mwenye akili zake angemweleza nini bwana shamba wa serikali?

Na wakati huohuo, ndugu msomaji, magonjwa ya mazao yetu yalikuwa yakiandikwa kwa bidii ya ajabu. Batobato la muhogo liliingia katika maandiko ya sayansi mwaka 1894, kwa kalamu ya Mjerumani Otto Warburg, kutokana na alichokiona Usambara. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, na miaka mitano baadaye, 1907, Zimmermann wa Amani akauripoti ugonjwa wa rozeti wa karanga, ule unaodumaza mmea na kuufanya majani yasongamane kama ua. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuandikwa popote duniani. Mwaka 1936 Storey, akiwa hapo hapo Amani chini ya Waingereza, alieleza michirizi ya kahawia ya muhogo. Magonjwa matatu yanayowatesa wakulima wa Afrika hadi leo yana cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho kimetolewa Tanganyika.

Dawa hazina cheti. Mkulima aliyekuwa na batobato shambani mwaka 1894 alikuwa akifanya jambo fulani juu yake. Huenda aling'oa mashina yaliyoathirika, huenda alinyunyiza kitu, huenda aliita mfumu. Warburg aliliona jani lililokunjamana. Mwenye shamba hakuonekana.

Gharama ya kutomwona ilikuja kulipwa Urambo, magharibi mwa Tabora, katika nchi ya Mirambo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi: mashine zisizofaa, ardhi ngumu, mvua haba, haraka ya kisiasa. Rozeti ilikuwamo katika orodha hiyo. Ugonjwa huo huenezwa na vidukari, na ilikuja kuthibitika kwamba kupanda mapema na kupanda kwa kubananisha hupunguza sana maambukizi, kwa kuwa vidukari hupenda kutua penye ardhi iliyo wazi kati ya mimea. Hapa nieleze jambo ambalo wauzaji wa "dawa za asili" hulificha: hakuna maji ya mmea wowote yatakayokiondoa kirusi kilichokwisha kuingia katika karanga au muhogo. Yanachoweza kufanya ni kumzuia mdudu anayekibeba. Majani ya utupa, ambayo wavuvi wengi wa Afrika Mashariki wanayajua kwa kuwalevya samaki, yana sumu ya kundi la rotenoni inayoua vidukari. Mbegu ya mwarobaini ina azadiraktini, inayomfanya mdudu aache kula na ashindwe kukua. Vitunguu saumu na mafuta ya mwarobaini vina nguvu juu ya baadhi ya ukungu, kama ubwiri unga. Kila kimoja kina adui wake, na asiyetofautisha ukungu, bakteria, kirusi na mdudu atanyunyiza bure.

Katika historia ya Unyanyembe kuna mtu mmoja ambaye naona angeweza kuziba pengo hili. Abdallah Said Fundikira, aliyezaliwa mwaka 1921, alisomea kilimo Makerere na akafanya kazi katika idara ya kilimo kabla ya kutawazwa kuwa mtemi mwaka 1957. Tafakarini hilo. Katika kiti ambacho kwa mila kilibeba dhamana ya mbegu, akaketi mtu aliyefunzwa elimu ya mimea ya kisasa. Kama palikuwa na siku ambayo dawa ya mbegu ingewekwa mezani ikapimwa na mtu aliyeaminiwa na pande zote mbili, ilikuwa siku zile. Lakini miaka ile ilikuwa ya uhuru, na siasa ilikuwa na kiu ya watu kama yeye. Akawa Waziri wa Sheria wa kwanza wa nchi huru, akajiuzulu mwaka 1963, na mwaka huohuo utemi ukafutwa kisheria. Mimi si mmoja wa wanaolilia utemi urudi. Jamhuri haiwezi kujengwa juu ya damu ya kurithi. Lakini tulipoifuta ofisi hatukufanya mahesabu ya vitu vilivyokuwa ndani yake.

Baada ya karanga Urambo ikapewa tumbaku, na tumbaku ikaushika mkoa. Hapa historia yetu inageuka kichekesho, ingawa cha kusikitisha. Kabla ya viuatilifu vya kiwandani kutawala, maji ya tumbaku yalikuwa dawa ya wadudu inayouzwa madukani Ulaya na Marekani, kwa sababu nikotini ni sumu kali. Leo mojawapo ya makundi makubwa ya viuatilifu duniani huitwa neonikotinoidi, yaani nikotini mpya: molekuli za maabara zinazomshambulia mdudu mahali palepale nikotini inapomshambulia. Mojawapo, imidaklopridi, hutumika katika kilimo cha tumbaku sehemu nyingi za dunia. Mkulima wa tumbaku anaweza basi kuwa anauza jani lenye nikotini na kununua kwa mkopo, utakaokatwa katika malipo yake ya ushirika, kemikali iliyopewa jina kwa jani hilohilo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya neonikotinoidi tatu nje ya vitalu vilivyofunikwa, imidaklopridi ikiwamo, kwa ajili ya usalama wa nyuki. Nasi tunazungumza juu ya Tabora, nchi ya asali.

Msinielewe vibaya nikaonekana nawatuma watu kuchemsha tumbaku. Nikotini huua mtu pia. Tena maji ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato la tumbaku, na mtu akiyanyunyiza kwenye nyanya au pilipili anaweza kuwa anaupanda ugonjwa akidhani anautibu. Kitu kuwa cha asili si hati ya usalama. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kipimo, na hiyo ndiyo sababu kesi iliyoamuliwa Munich, Ujerumani, inatuhusu sisi wa Itetemia.

Septemba 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya Marekani W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, juu ya njia ya kudhibiti ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwarobaini! Mti uliokuja kwetu kutoka Bara Hindi, tukaupa jina hilo kwa magonjwa arobaini ambayo husemwa unayatibu. Vandana Shiva wa India, wabunge wa Kijani wa Bunge la Ulaya na shirikisho la kimataifa la kilimo hai walipinga. Tarehe 10 Mei 2000 hataza ilifutwa, na rufaa ikatupwa Machi 2005.

Wanaharakati wengi husimulia kesi hii kama ushindi wa hekima ya mababu. Nawaomba waisome tena. Kilichobeba uzito mkubwa mbele ya waamuzi kilikuwa ushahidi wa meneja wa kiwanda kimoja cha India, aliyeeleza majaribio ya shambani ya katikati ya miaka ya 1980: mazao fulani, mahali fulani, msimu fulani, dawa iliyotengenezwa hivi, matokeo haya. Ukale wa maarifa uliipa kesi roho yake ya kisiasa, lakini kilichoiua hataza kilikuwa kumbukumbu yenye tarehe iliyotangulia. Sasa jiulizeni: kesho mtu akiomba hataza juu ya namna fulani ya kutumia utupa, au mzizi fulani wa miombo ya Sikonge, nani kutoka Tabora atapanda kizimbani, na atafungua daftari gani?

Wako watakaonijibu kwamba kuandika ni kuwasaidia wezi. Hoja hiyo ina nguvu na siipuuzi. Maarifa yakichapishwa yanakuwa vigumu kumilikiwa na kampuni, lakini pia hayamlipi mzee aliyeyatoa. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inadai ridhaa na mgawo wa faida, na ridhaa hiyo inapaswa kutafutwa kabla ya kalamu kufunguliwa, kijijini, mbele ya mkutano, kwa jina la wenye maarifa. Siri nayo ina gharama yake. Mfumu akifa na siri yake, mwanawe anabaki na jina la ukoo, na shamba linabaki na ugonjwa.

Kwa upande wa tiba za binadamu tumeshapita njia hii. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga wa watu ana baraza na ana usajili. Mkulima anayetibu mimea kwa mimea hana mlango wa namna hiyo. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuuzwa, na inafaa iwe hivyo. Soko la viuatilifu bila usajili ni hatari kwa mlaji. Lakini usajili unamtaka mwombaji awe na takwimu za maabara na za shamba. Hilo linawezekana kwa kampuni. Kikundi cha akina mama wa Itetemia wanaotwanga mbegu za mwarobaini hakiwezi kulipia hata hatua ya kwanza, na matokeo yake ni kwamba kazi yao inabaki nje ya takwimu za taifa, haikatazwi wala haitambuliwi.

Kazi hiyo lakini inapimika kwa urahisi. Mbegu za mwarobaini hukaushwa kivulini, hubanguliwa na kutwangwa; gramu 50 za kiini hulowekwa katika lita moja ya maji usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, na hunyunyizwa jioni kwa kuwa jua huivunja azadiraktini. Matuta manne yakinyunyiziwa na manne mengine yakaachwa, mtoto wa darasa la saba ataweza kuhesabu mimea iliyougua katika kila upande. TARI Tumbi ipo Tabora, na afisa ugani yupo katika kata. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaandika kila mwaka tasnifu ambazo hazisomwi hata na wasimamizi wao.

Nimewapendekezea wenzangu wa idara za kilimo kwamba taarifa ya msimu ya afisa ugani iongezwe safu moja: mmea uliotumika, jina lake la Kinyamwezi, sehemu iliyochukuliwa, uzito, kiasi cha maji, ugonjwa au mdudu aliyelengwa, tarehe, matokeo, na jina la mkulima akiridhia. Mmoja aliniambia kwamba safu hiyo itajazwa kwa kukisia, kama zinavyojazwa nyingine. Huenda ni kweli kwa mwaka wa kwanza. Mvua za Tabora huanza Novemba. Katika ofisi ya kata daftari la kurasa mia moja linatosha misimu miwili au mitatu, na bei yake ni ndogo kuliko ya chupa moja ya kiuatilifu.